Kiganja Anaondoka, Mama Yangu Anabaki

Ijumaa hii, tarehe thelathini, fundi breki wetu anavua ovaroli baada ya miaka thelathini na mmoja katika karakana hii. Jina lake la kwenye kitambulisho wengi wameshalisahau. Kwetu sisi na kwa wateja yeye ni Kiganja, na meneja alitaka wasifu wake uandikwe na mtu anayemfahamu vizuri. Kazi hiyo imemwangukia fundi wa banda la jirani, aliyeajiriwa wiki moja naye, na ambaye kwa miaka yote hiyo ametazama magari yakipita mbele ya banda lake kwenda kwa mwenzake.

Jina hilo lilitokana na mtindo wake wa kazi. Gari likiingia, salamu husubiri. Kwanza Kiganja huyazunguka magurudumu yote manne, akipitisha mkono karibu na rimu. Lile lenye joto kuliko wenzake ndilo lenye kalipa iliyogoma, yaani kile chuma kinachobana diski dereva akikanyaga breki, ambacho kikigoma hakiachii tena. Kwa usahihi, anatumia mgongo wa mkono wala si kiganja. Mwandishi amewaeleza watu jambo hili mara nyingi, hakuna aliyejali.

Sifa zake zilienea kutokana na gari la kusambaza mikate. Mafundi wa kwingine walikuwa wameshalibadilishia kalipa, na bado gurudumu la mbele lilikuwa linabana hadi kutoa harufu ya kuungua. Kiganja akalipandisha kwa jeki, akajaribu kulizungusha gurudumu, likakataa. Akalegeza nati ya kutolea upepo kwenye kalipa. Mafuta ya breki yakaruka, na gurudumu likazunguka kwa kusukumwa na kidole tu. Kalipa haikuwa na kosa lolote. Mpira wa breki, ule unaopeleka mafuta kwenye kalipa, ulikuwa umevimba kwa ndani, ukiyaruhusu mafuta kwenda na kuyazuia kurudi. Mwandishi alikuwa ameshafungua mdomo kusema hivyo hivyo.

Tangu hapo mwenye mikate huja kila Jumatatu na mkate wa moto, ambao hupita ukinukia mbele ya banda la mwandishi hadi kwa Kiganja. Kiganja humkatia jirani yake kipande, tena kikubwa, na hilo ndilo linaloudhi zaidi.

Mafundi aliowafundisha wametapakaa mji mzima. Utawatambua kwa jinsi wanavyoifunga kalipa kwa waya wakati wa kazi, maana akimkuta mtu ameiacha ining'inie kwa mpira wake, Kiganja humuuliza kama na yeye angependa kuning'inizwa kwa sikio. Picha yake ya mfanyakazi bora iko ukutani mapokezi. Ya mwandishi nayo ipo. Yuko nyuma ya Kiganja katika picha hiyo hiyo, nusu uso, ameshika jeki.

Tusizunguke: kijicho kilikuwepo, na bado kipo. Wateja wangevumilika. Tatizo ni mama mzazi wa mwandishi, mshonaji wa sare za shule, mwenye kigari cheupe kilichozeeka naye. Siku ya kwanza alipokileta, mwanawe alishaandaa jeki na kufuta mikono. Mama akampungia, akapita, akauliza yule binti wa breki yuko wapi. Alipoulizwa sababu, alijibu kwamba mikono ya mwanawe anaijua tangu inamvunjia vikombe. Karakana nzima ilicheka, na Kiganja akawa anaitwa "mwanangu" mbele ya mwana mwenyewe.

Wiki iliyopita kigari kilikuja kikivuta upande wa kulia. Kiganja alikuwa anakabidhi vifaa, akamwambia mama kwamba hapokei tena magari, aende banda la jirani. Mama alisimama kati ya mabanda mawili, mkoba kifuani, mithili ya mtu aliyeambiwa abadilishe daktari. Kisha akatoa ufunguo.

Mwandishi aliwahi kufanya kazi ngumu kuliko hiyo, lakini hajawahi kutokwa jasho vile. Nati ya upepo ilipolegezwa, gurudumu liliendelea kubana, kwa hiyo mpira haukuwa na hatia. Kalipa ilipotoka, pedi ya ndani, ile inayosugua diski, ilikuwa imelika karibu ifike kwenye chuma, ya nje bado nene. Pini ambazo kalipa huteleza juu yake zilikuwa zimeshika kutu. Alizisafisha, akazipaka grisi, akaweka vifuniko vipya vya mpira na pedi mpya pande zote mbili, kisha akalijaribu gari barabarani. Lilisimama likiwa limenyooka.

Mama aliliendesha mwenyewe akazunguka mtaa, akarudi, akashuka. Akaenda moja kwa moja kwa Kiganja, akamwomba apitishe mkono kwenye lile gurudumu, ili roho yake itulie.

Kiganja alilitazama gari, akamtazama mama, kisha akaitia mikono yake yote miwili mfukoni. "Hilo limeshashikwa na fundi, mama," akasema, na hakuitoa mikono hiyo mpaka kigari cheupe kilipotoka getini.

Miaka thelathini na mmoja nimeuonea wivu mkono ule ukifanya kazi. Sikujua kwamba nitauonea wivu zaidi siku utakapokataa kufanya. Hata katika hilo umenishinda, dada, na roho inaniuma.

Asante kwa yote, Kiganja. Karakana nzima inakuombea siku njema huko uendako, na usingizi usiokatizwa na honi. Gari lako likianza kuvuta upande, banda langu unalijua. Mama alilileta la kwake jana, na hakupita.