Uzio wa Kondoa: Maisha ya Dkt. Tusajigwe Mwaisaka (1966–2025)

Ndugu waombolezaji mliofika hapa nyumbani Kimara, mbele yetu amelala dada yetu Dkt. Tusajigwe Mwaisaka, mtaalamu wa udongo, aliyezaliwa tarehe 9 Machi 1966 wilayani Rungwe, mtoto wa tatu wa Mwalimu Sebastian Mwaisaka, akasoma hukohuko hadi darasa la saba, kisha sekondari mjini Mbeya, na mwaka 1991 akahitimu shahada ya kilimo mjini Morogoro, na baadaye akapata shahada ya uzamivu.

Tarehe 17 Julai 1993 alifunga ndoa na Bwana Adelard Rugemalira, wakajaliwa watoto wawili, Lusungu na Praygod.

Mwaka 1996 aliajiriwa katika utafiti wa nyanda za malisho huko Kondoa, mahali ambapo ardhi ilikuwa imeliwa na makorongo hata mbuzi hawakuwa na cha kuokota, akazungushia uzio eneo lililokufa kabisa, akachimba makinga maji, akapanda nyasi za asili, na mwaka hadi mwaka akaupima udongo ukirudi, kazi iliyomweka mbali na wanawe wakiwa bado wadogo, jambo lililomuuma sana.

Ukame wa mwaka 2009 ulipokaza, mfugaji jirani aitwaye Hamisa alifika getini na ndama waliokuwa wakiyumba kwa njaa, akamwambia, "Mama Lusungu, humo ndani majani yanafika kiunoni, na hawa wanakufa ukiwaona, sasa unamtunzia nani?" Dada, akijua vipimo vyake havijatimia, alifungua geti. Ikaingia mifugo ya kijiji kizima, nyasi zikaisha hadi mizizi, mvua ikazidi kuchelewa, ndama wakafa hata hivyo, na upepo ukaondoka na udongo. Wafadhili walijitoa, mkataba wake haukuongezwa, na utafiti wote ule haukuchapishwa.

Mwaka 2010 alihamia hapa Kimara, na kuanzia 2014 akajaribu kuotesha nyasi katika shimo la kokoto lililoachwa upande wa Wazo, akibeba samadi kwa ndoo kila Jumamosi, mpaka mvua za Aprili 2024 zilipoporomosha kingo zote. Siku hiyo alirudi ameloa matope, akakaa barazani, akamwambia mumewe, "Baba Lusungu, mie sijaponya hata kiganja kimoja cha ardhi."

Septemba mwaka huohuo aligundulika kuwa na saratani ya ini, akatibiwa bila nafuu, na tarehe 2 Juni 2025 akafariki dunia, Lusungu akiwa amemshika mkono.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliompunguzia maumivu, majirani mliokesha nasi, na wafanyakazi wenzake wa zamani mliotoka mbali. Shemeji Adelard ana ombi moja, kwamba leo asiambiwe ajikaze, mwacheni alie.

Dada Tusajigwe, umechoka mno, pumzika sasa kwa amani, sisi huku bado hatuijui amani hiyo.