Kitambaa cha Nyuso Mbili: Kumkumbuka Bi Mtande

Wasikilizaji wapendwa, sogezeni redio karibu. Aliye kwenye cherehani na apumzishe mguu kidogo. Leo tunamkumbuka mfumaji. Mfumaji wa mkono, si wa mashine. Mtaani walimwita Bi Mtande. Alifariki Jumanne iliyopita, asubuhi, akiwa na miaka sabini na moja.

Jina hilo la Bi Mtande alipewa na fundi cherehani, jirani yake wa ukuta kwa ukuta kwa miaka zaidi ya thelathini. Mtande ni zile nyuzi za urefu ambazo mfumaji huzifunga kwanza kwenye kitanda chake cha kufumia, kabla hajaanza kupitisha uzi wa kukingama. Mama huyu hakukubali mtu yeyote amfungie mtande. Hata fundi alipojitolea kumshikia ncha tu, alimwambia akashike mkasi wake. Fundi akasema, basi kuanzia leo wewe ni Bi Mtande, na mtande wako nakuachia. Jina likamganda.

Alichofuma Bi Mtande ni kitambaa cha nyuso mbili. Mitande miwili kwa pamoja, mmoja juu, mmoja chini. Penye ua jekundu upande huu, upande wa pili pana ua jeupe. Hakina ndani, hakina nje. Fundi anakumbuka mteja mmoja aliyerudi amefura, akidai ameshonewa koti limegeuzwa. Bi Mtande alilichukua koti, akaligeuza, akamrudishia. Mteja akashukuru, akaenda zake.

Kazi hiyo alifundishwa na mama yake mdogo, tangu akiwa na miaka kumi na minne. Mama mdogo hakuwa mtu wa maneno. Ukikosea, alifumua kazi yako ya siku nzima, akaondoka. Kesho yake unaanza upya. Bandu bandu huisha gogo: alipofika miaka ishirini, Bi Mtande alikuwa anafuma nyuso mbili bila kutazama mikono.

Sasa wasikilizaji, naomba mkione chumba chake. Chumba kimoja nyuma ya maduka ya washonaji. Mlango mmoja. Dirisha moja, nalo limefungwa, kwa sababu vumbi la barabarani ni adui wa uzi mweupe. Kitanda cha kufumia kimekula zaidi ya nusu ya chumba. Pembeni mabeseni matatu ya rangi, na makopo ya rangi ya unga. Juu, kamba za kuanikia nyuzi. Ukiingia, manyoya ya pamba yanaelea hewani, yanatua kwenye nyusi zako.

Humo ndimo alimokulia binti yake wa kwanza. Walimwita Kidole, kwa sababu tangu anatambaa alikuwa akichomeka kidole katikati ya nyuzi. Baba yao alifariki mapema, mdogo wake Kidole akiwa bado ananyonya. Mama akabaki na mabinti wawili na kitanda cha kufumia.

Kidole alikuwa na jicho. Mtajie wekundu wa nguo aliyoiona mwezi uliopita, ataupata. Kwa hiyo kazi ya kupima unga wa rangi ikawa yake. Alipima kwa kijiko, akachanganya kwa fimbo, dirisha limefungwa. Mama na binti walikuwa na utani wao. Kidole akipenga kamasi, leso hutoka na rangi ya siku hiyo. Mama humuuliza, leo tumefuma nini? Naye hufungua leso, akasoma: leo bluu, mama. Wakacheka.

Alipotimiza miaka ishirini na mitatu, Kidole alianza kukohoa. Kwanza asubuhi. Kisha mchana na asubuhi. Mama akampeleka kwa daktari. Daktari alisikiliza kifua, akauliza kazi, akaomba aelezwe chumba kilivyo. Alipomaliza kusikia, alisema maneno machache: mtoeni chumbani humo, na si kesho, leo.

Naomba mlishike neno hilo, wasikilizaji. Daktari alisema leo.

Lakini kulikuwa na pazia. Pazia la jukwaa la ukumbi mpya, kubwa kuliko kitu chochote alichowahi kufuma Bi Mtande, la nyuso mbili, ili watu walione wakiwa mbele na waigizaji walione wakiwa nyuma. Siku ya ufunguzi ilikuwa imeshatangazwa. Kazi ile ilihitaji mikono minne. Mtaa mzima ulikuwa na mikono minne tu iliyoijua, na miwili ilikuwa ya Kidole.

Mama akamwomba binti yake miezi miwili. Binti hakubisha. Alisema atakaa karibu na mlango, apate hewa. Alijifunga kitambaa puani, akakaa karibu na mlango, wakafuma. Pazia likaisha kwa wakati. Siku ya ufunguzi Kidole alikwenda kulitazama. Kutoka nyumbani hadi ukumbini alikaa chini mara tatu njiani. Miezi minne baadaye alifariki. Alikuwa na miaka ishirini na minne.

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Msibani watu walijaa, na katika mazungumzo ya watu mmoja akasema, kikulacho ki nguoni mwako. Huenda alikuwa anazungumzia jambo lake jingine kabisa. Fundi cherehani alikuwepo, na anaapa kwamba yule mtu hakuwa akimsema mfiwa. Lakini Bi Mtande alisikia. Alisikia, akainamisha kichwa, na hakukiinua mpaka watu walipotawanyika.

Baada ya hapo alimwaga rangi zote. Makopo aliyafukia mwenyewe. Akawa ananunua uzi uliokwisha tiwa rangi, akafuma peke yake, vitu vidogo vidogo. Na mtoto wa pili, yule mdogo, wakati huo ana miaka kumi na mmoja, akakatazwa kuvuka kizingiti. Akiwa na ujumbe, ausemee mlangoni.

Huyo mdogo sasa ni mtu mzima wa miaka thelathini na saba, karani katika ofisi ya maji. Ndiye aliyenisimulia haya. Aliniambia, "Mimi nimelelewa na mgongo wa mama. Nilisimama mlangoni nikasema nimefaulu mtihani, mgongo ukasema vizuri. Nikasema nimepata kazi, mgongo ukasema hongera. Nilidhani hanipendi."

Miaka ikaenda. Wafumaji wa nyuso mbili wa kwingineko wakaisha mmoja mmoja, akabaki yeye. Mwalimu wa chuo cha ufundi akasikia habari zake, akaja kumwomba afundishe wanafunzi wake. Alikuja mara tatu, na mara zote tatu alikataliwa. Mara ya tatu, ilikuwa mwaka juzi, mwalimu alisema kwa upole kwamba mama akiondoka, ufundi huu utakufa naye. Bi Mtande alimtazama. Akasema, "Ufundi ufe, mwalimu. Watu wabaki."

Binti alikuwa amesimama palepale kizingitini. Mwalimu alipoondoka, alimuuliza mama yake swali alilolibeba tangu utotoni. Kwa nini dada alifundishwa, yeye hakufundishwa?

Bi Mtande aliacha kufuma. Akageuka. Akasema, "Dada yako hakufa kwa kifua tu. Daktari alisema leo. Mimi nikasema miezi miwili."

Ilikuwa mara ya kwanza kulitoa neno hilo kinywani mwake. Miaka ishirini na minne alikuwa amelimeza.

Wasikilizaji wapendwa, laiti ningewaambia kwamba walikumbatiana. Hawakukumbatiana. Binti aliondoka bila kuaga, na kwa wiki tatu hakukanyaga pale. Fundi cherehani alikuwa akimpelekea mama chai, akiikuta imepoa palepale alipoiacha.

Wiki ya nne, Jumamosi, binti alirudi na vibarua wawili. Hakusalimia. Alivuka kizingiti, mara ya kwanza tangu utotoni, akawaonyesha vibarua kitanda cha kufumia. Wakakifungua vipande vipande, wakakitoa uani, wakakisimamisha chini ya paa la bati lisilo na ukuta hata mmoja. Binti akakaa kwenye ubao wa mfumaji, akamwambia mama yake, "Hapa pana hewa. Nifundishe."

Mama alinung'unika kwamba vumbi litaharibu uzi mweupe. Na kweli uliharibika. Kabla mwezi haujaisha, uzi mweupe ulikuwa na rangi ya chai ya maziwa, na fundi akasema afadhali, sasa hautaonyesha madoa. Lakini mama alifundisha. Kila Jumamosi, kila Jumapili. Alikuwa mkali vilevile kama mama yake mdogo. Binti alifuma siku nzima, mama akapitisha kidole, akalikuta kosa, akafumua. Binti anasema aliwahi kulia chooni ili asionekane. Anasema pia kwamba zile ndizo siku pekee mama aliwahi kumshika mikono.

Alimfundisha miezi saba. Kisha kifua cha mama nacho kikaanza kusema. Ni chumba kilekile, wasikilizaji. Ni pumzi ya miaka hamsini. Alikuwa akiingia hospitali na kutoka, akiingia na kutoka, mwaka mzima. Masomo yakakatika. Binti alikuwa amejua katikati ya kitambaa, maua yote, namna ya kupishanisha nyuzi za juu na za chini. Lililokuwa bado ni moja tu: namna ya kufunga ukingo. Bila ukingo, nyuso mbili huachana, na kitambaa hufunguka kama mfuko.

Siku za mwisho, kitandani hospitalini, Bi Mtande aliomba bendeji. Muuguzi akampa. Akajaribu kumwonyesha binti kwa bendeji namna ukingo unavyofungwa. Alianza mara nne. Mara ya tano bendeji ilimtoka mkononi, na hakuiomba tena. Jumanne asubuhi akafariki.

Nilimuuliza binti kama amemsamehe mama yake. Akasema, "Sijui. Nampenda, na nimekasirika. Yote mawili yapo, na hakuna linaloondoka."

Pazia la ukumbini lilishashushwa zamani, na hakuna ajuaye lilipo. Kazi nyingine zimetawanyika kwa wanunuzi. Lakini baada ya mazishi, binti alifungua sanduku la mama yake, akakuta mtandio mmoja mdogo, wa nyuso mbili, mwekundu na mweupe. Fundi alipouona, aliutambua. Ni kazi ya Kidole. Ndicho kitu pekee cha mkono wake kilichobaki duniani, na kingo zake zimefungwa barabara.

Kuutazama ukingo hakutoshi. Nyuzi zimelaliana mno. Ili ajue umefungwaje, ni lazima aufumue.

Siku mbili binti aliuweka mapajani, hakuugusa. Jana alimwita yule mwalimu wa chuo, aje na daftari. Wakakaa uani. Binti anafumua uzi kwa uzi, mwalimu anachora. Hadi jana jioni walikuwa wamefumua shibiri moja. Bado hawajaelewa. Binti amesema atafumua nusu. Nusu iliyobaki hataigusa, ajue au asijue.

Kwa binti wa marehemu, kwa fundi cherehani aliyepoteza jirani, na kwa wote waliomjua Bi Mtande, poleni sana. Mungu awape nguvu ya kuibeba siku ya leo, na ya kesho muiombe kesho.

Nasi tuliobaki tujiulize, kila mtu mahali pake pa kazi: ni nani anakohoa hapa, na tumemwambia nini? Wasikilizaji wapendwa, kama yupo, usimwombe miezi miwili. Mtoe leo.