Shaka za Lanty Capstick, Mchanganyaji wa Tumbaku ya Kiko

Mchungaji, dada yangu Hilda, watoto Isobel na Joss, majirani mlioshuka kutoka bonde la Longsleddale, na nyinyi wa kiwandani mlioketi nyuma, naitwa Edwin Airey, ila wengi wenu mnaniita Ned, na nimesimama hapa leo, tarehe 16 Novemba 1999, kusoma maisha ya shemeji yangu Lancelot Capstick, tuliyemwita Lanty, kwa kuwa yeye mwenyewe aliagiza nisome mimi, akasema, “Mwambieni Ned asome, maana huyo anajua nikiwa nasikiliza,” na sijui hata sasa kama ulikuwa utani.

Lanty alizaliwa tarehe 11 Februari 1931 katika nyumba ya mawe iliyo juu kabisa ya bonde, mtoto wa tatu wa mchunga kondoo William Capstick na mkewe Agnes, na mama yake alikuwa akisimulia kwamba mtoto huyo hakukubali kijiko cha uji bila kwanza kukinusa, akikunja pua na kumtazama anayemlisha kana kwamba anamfahamu kwa mabaya. Mwaka 1936 aliingia shule ya bondeni, akasoma hapo mpaka alipotimiza miaka kumi na minne, na mwalimu wake aliandika kwenye cheti kwamba ni kijana hodari, mkweli, asiyeamini ramani.

Tarehe 3 Aprili 1945 alianza kazi mjini Kendal katika kiwanda cha akina Fothergill, akisokota majani meusi ya tumbaku kuwa kamba, ile wanayoikata wachunga kondoo na wachimba mawe kwa kisu cha mfukoni, kisha akahamia chumba cha shinikizo, ambako majani hukandamizwa siku kadhaa hadi yawe kama matofali na kukatwa vipande vyembamba. Kuanzia 1949 hadi 1951 alitumikia jeshi kwa mujibu wa sheria, na kuhusu miaka hiyo alizungumzia jambo moja tu, kwamba mpishi wa kambi alikuwa anatia kitu kwenye chai.

Alirudi kiwandani, na hapo ndipo pua yake ilipojulikana, kwani Lanty aliweza kuingia ghalani, akasimama kati ya magunia, akasema hili limelala karibu na sabuni, na likafunguliwa, na kweli lilikuwa limelala karibu na sabuni. Mwaka 1962 mzee Fothergill alimkabidhi ufunguo wa chumba kidogo cha juu, akamfundisha kwa mdomo, bila kuandika popote, namna ya kutia harufu katika Nambari Tisa, tumbaku ambayo wengi wenu mmeivuta na wengine mmeikimbia, kali kiasi cha kumketisha chini mtu mzima ambaye hajala, lakini juu ya ukali huo ina harufu nyepesi sana ya mawaridi, nyepesi hivi kwamba ukiitafuta huipati, na ukiacha kuitafuta inakuja. Waliojua kipimo cha matone ya mafuta ya mawaridi walikuwa wawili tu, mzee na Lanty.

Tarehe 11 Juni 1955, hapa hapa kanisani, alikuwa amefunga ndoa na dada yangu Hilda, baada ya uchumba wa miaka minne, uchumba ambao ungekuwa wa mwaka mmoja kama asingeshangaa kwa nini baba yetu anamsifu sana binti yake. Hilda alimwambia, “Lanty, baba anataka chumba changu aweke mashine ya cherehani ya mama, basi, hakuna siri nyingine,” na jibu hilo lilimridhisha kabisa. Mungu aliwajalia Isobel, tarehe 2 Machi 1957, na Joss, tarehe 19 Agosti 1960.

Sasa nafika mahali ambapo ningeweza kuruka, na dada yangu amesema nisiruke.

Mimi niliajiriwa kiwandani mwaka 1959 kuendesha gari la mizigo, na kila Jumapili nilikula kwa Hilda, na baada ya chakula mimi na Lanty tulivuta viko vyetu kando ya jiko, tukizungumza kidogo, maana Nambari Tisa haitaki maneno mengi, inataka mtu aivute polepole kama anayekunywa supu ya moto. Jumamosi tarehe 12 Oktoba 1968, siku ya soko, Lanty alikuwa akipita mbele ya vibanda vya jibini akasimama ghafla. Mkulima mmoja asiyemjua alikuwa amebana kiko mdomoni, na moshi uliotoka ulikuwa na mawaridi. Lanty akamwendea, akamwambia, “Samahani bwana, hiyo ni Nambari Tisa?” Mkulima akatoa kopo, likiwa na jina la kiwanda kidogo cha upande wa Penrith, akasema, “Hapana, hii mpya. Nafuu, tena haichomi ulimi.”

Lanty alinunua kopo lile lile mkononi mwa yule mtu, akalipeleka moja kwa moja kwa mzee Fothergill, na huo ndio uliokuwa uaminifu wake, na ndio uliomponza, kwa sababu mzee alinusa, akalifunga kopo, akasema, “Wanaojua ni wawili, Lancelot. Mimi sijamwambia mtu.” Akanyoosha mkono, na Lanty akauweka ufunguo juu yake. Jumatatu alirudishwa kusokota kamba pamoja na wanafunzi wa kazi, akiwa na miaka thelathini na saba, na mji mzima ulijua kabla ya chai ya saa kumi.

Lakini kati ya siku hizo mbili kulikuwa na Jumapili. Tulikuwa mezani, nyama ya ng’ombe ya kuoka, Hilda, watoto na mimi, na Lanty hakula, alikuwa akinitazama tu. Mwisho akaweka uma chini.

“Ned,” akasema, “mwezi wa tano ulikuja chumba cha juu kuchukua hati za mizigo.”

“Nilikuja.”

“Ulikaa mlangoni muda gani?”

“Lanty, sikukaa. Ulinipa hati nikaondoka.”

“Sasa mbona uso umekuwa mwekundu?”

Hilda akasema, “Jamani, watoto wanasikiliza,” lakini Lanty alikuwa amekwisha kusimama na kulishika koti langu. “Vaa,” akaniambia. “Na kiko chako hicho juu ya jiko, kichukue. Sitaki kukiona hapa.”

Nilivaa, nikatoka, na tangu siku ile shemeji yangu hakuzungumza nami kwa miaka ishirini na mitatu. Wengi mliona wenyewe. Tuliketi benchi moja kanisani, Hilda katikati kama ukuta, na kwenye chakula cha Krismasi alikuwa akisema, “Hilda, mwulize ndugu yako kama amemaliza na mchuzi,” na mimi nikijibu, “Mwambie mumeo mchuzi uko mbele ya pua yake, ile pua maarufu,” na watoto wakacheka, na haikuwa ya kuchekesha. Hilda asipokuwepo, habari ya kuniambia mimi alimwambia mbwa wao.

Na kwa kuwa nimeagizwa nisiruke, nitasema pia upande wangu. Mimi nilimshuku yeye. Niliamini kwamba Lanty aliuza siri ile kwa mikono yake, kisha akapiga ukelele mwenyewe ili asishukiwe, na akanitupia mimi kwa kuwa nilikuwa karibu. Nilikuwa nikipita na gari mbele ya nyumba yao naangalia kama wamenunua mapazia mapya. Niliwahi kumwuliza Hilda kwa ujanja kuhusu viatu vya Isobel. Dada yangu akanitazama akasema, “Nilidhani nimeolewa na mmoja tu wa namna hii, kumbe wa pili nilizaliwa naye.”

Mwaka 1974 mzee Fothergill alifariki, na mwanawe, aliyejaribu watu watatu chumba cha juu na wote watatu wakaifanya Nambari Tisa inuke kama sabuni ya wageni, alimrudishia Lanty ufunguo. Hakumwomba radhi. Aliuweka tu kwenye benchi lake la kusokotea, kando ya mkate wake.

Basi, mwezi Septemba 1991 kile kiwanda cha Penrith kilifunga, na vifaa vyake vikatangazwa kuuzwa tarehe 21. Lanty alipanda basi asubuhi akaenda, na hakwenda kununua, alikwenda kutafuta jina la mwizi, na alituambia baadaye kwamba alitaka sana liwe langu, ili mambo yaishe. Alipekua rafu, akafungua chupa zote za stoo, akanusa moja baada ya nyingine, mpaka mama mmoja mzee aliyefanya kazi pale maisha yake yote, Bella Mounsey, akamwuliza anatafuta nini.

“Mafuta ya mawaridi,” akasema Lanty.

“Mawaridi?” Bella akacheka. “Baba, hapa hatujawahi kununua hata tone. Harufu ile ilikuwa inatoka yenyewe. Bosi alikuwa anasema ni baraka. Njoo.”

Akamshika mkono wa koti, akampeleka kwenye shinikizo la mbao, kubwa, jeusi kwa uzee. Lanty hakuhitaji kukaribia. Alijua kutoka mlangoni. Aliinama akapitisha vidole chini ya ubao wa pembeni, akakuta herufi L na C, alizozichonga mwenyewe kwa kisu mwaka 1948, siku ambayo msimamizi hakuwepo. Lilikuwa ndilo shinikizo letu la zamani. Mwaka 1967 akina Fothergill walinunua la chuma, la mbao wakampa mwuza mbao, na mwuza mbao akaona ni hasara kulipasua. Mbao zile zilikuwa zimekunywa mawaridi kwa miaka tisini, na zikawa zinayarudisha, kidogo kidogo, katika kila tofali la tumbaku lililowekwa humo. Hakuna aliyeiba. Hakuna aliyesema. Na waliolipakia shinikizo lile garini, Lanty upande mmoja na mimi upande wa pili, tukilaani uzito wake, tulikuwa sisi.

Alasiri ile mvua ilikuwa ikinyesha. Nilifungua mlango nikamkuta amesimama nje, kofia imelowa, hakutaka kuingia.

“Ni mbao,” akasema.

“Mbao gani?”

Akanieleza yote, pale pale mvuani, akitazama kifungo cha sweta yangu. Nikamwambia, “Miaka ishirini na mitatu, Lanty. Umeniita mwizi miaka ishirini na mitatu kwa ajili ya ubao?”

“Ndiyo.” Akafuta uso. “Nimekosa, Ned. Nimekosa sana. Lakini bado sijaelewa kwa nini siku ile uso wako ulikuwa mwekundu.”

“Haradali!” nikapiga kelele. “Nilikuwa nimekula haradali ya Hilda!”

Akafikiri. “Kweli ilikuwa kali,” akasema, na ndipo akaingia ndani.

Alitoa mkoba wake wa tumbaku, akanijazia kiko kwa kidole gumba chake, na kabla hajanipa, nami sitasahau, alikinusa. Tulivuta. Mimi nilikuwa sijaigusa Nambari Tisa tangu siku ile, nikavuta kwa hasira kama mjinga, na kichwa kikazunguka, ikabidi nishike meza, naye akasema, “Polepole, shemeji, polepole,” na kama nililia, ilikuwa ni kwa sababu ya ukali wa tumbaku, na atakayesema vingine hakuwepo. Kila Jumapili baada ya hapo nilikula kwao, na hilo lilidumu miaka minane.

Alistaafu tarehe 29 Februari 1996, akiwa bado anaamini kwamba tarehe hiyo ilichaguliwa ili kiwanda kisilazimike kumkumbuka kila mwaka.

Mwezi Machi 1998 alianza kukohoa, na baada ya vipimo daktari alimwambia bila kuficha kwamba ni mapafu, na kwamba kiko kilihusika, na sisi kama familia hatutaki kuficha hilo mbele ya vijana. Lanty alisema daktari mwenyewe ananuka sigara, lakini akakiweka kiko chini. Mwezi Julai mwaka huu akapotewa na uwezo wa kunusa. Hilda alimletea mkate kutoka jikoni, akaushika, akauliza, “Huu ni wa jana?” na ulikuwa bado wa moto. Siku ile ndiyo pekee niliyomwona ameogopa.

Wiki zake za mwisho alikuwa na shaka moja. Aliomba kopo jipya la Nambari Tisa, si la kuvuta, la kushika tu. Akasugua tumbaku kati ya vidole, akamwinulia Isobel. “Wameibadilisha?” Isobel akasema, “Hapana, baba, ni ile ile.” Akamwuliza Joss. Akamwuliza muuguzi, ambaye hajawahi kuvuta chochote. Akamwuliza kijana aliyetumwa na kiwanda kuleta kadi. Wote wakasema ni ile ile. Tarehe 7 Novemba, alasiri, akanielekezea mimi kiganja chake.

“Ned. Ukweli.”

Nilinusa. Nikanusa tena, nikachukua muda wangu, kama alivyonifundisha. Kisha nikasema, “Imebadilika, Lanty. Ukali wamepunguza. Mawaridi wameyazidisha.”

Hilda alinikanyaga mguu. Lakini uso wa Lanty ukafunguka kama wa mtu aliyepelekewa habari njema, akauegemea mto, akasema, “Nilijua. Nilijua! Watu wanne wamenidanganya mchana kweupe, wewe umekataa.” Akafunga kiganja changu kwa mkono wake. Baadaye kidogo akasema, “Uwaambie wa kiwandani. Siku ya kunizika watakuwepo wote.”

Alifariki tarehe 9 Novemba 1999, saa tatu asubuhi, nyumbani, mkewe na watoto wake wakiwa kando yake.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, waliovumilia kuulizwa vidonge vinatoka wapi, tunawashukuru majirani kwa supu, kwa kuni na kwa kumtoa mbwa matembezi, tunamshukuru Bella Mounsey, aliyesafiri kwa mabasi mawili kuja hapa leo. Na nyinyi wa kiwandani tunawashukuru kwa shada la maua na kwa kubeba jeneza. Mmeibadilisha ile tumbaku. Tunajua. Mengine tutazungumza mlangoni.

Shemeji, nimewaambia. Lala sasa kwa amani, hakuna anayekuficha kitu.