Uso wa Doreen kwa 4K

Kijiwe chetu kipo Kyela mjini, kwenye baraza la stoo ya kakao iliyofungwa, mkabala na duka la televisheni. Mimi ni fundi cherehani, nashona hapo pembeni, kwa hiyo kila linalosemwa linanipitia masikioni hata nisipotaka. Benchi, jiko na kahawa ni vya Tusekile, na mara nyingi neno la mwisho ni lake pia. Wateja wa kudumu ni wawili. Godwin tunamwita Injinia, maana aliwahi kulinda mitambo ya wakandarasi wa barabara. Mzee Nelson tunamwita Wizara. Alistaafu ukarani huko Dodoma na mpaka leo akiomba sukari utadhani anasoma waraka.

Alhamisi ile asubuhi alikuja Andongwisye, mkulima wa kakao kutoka Ikolo, ameshika kipande cha karatasi kama cheti cha hospitali.

— Mwaugonile, — alisalimia. — Nina shida, wenzangu. Nataka televisheni inayoonyesha uso.

— Zote zinaonyesha uso, — alisema Injinia.

— Uso wa Doreen.

Habari za Doreen tulikuwa tunazijua. Ni binti yake wa kwanza. Mwaka juzi aliacha chuo cha ualimu akaenda kusomea uamuzi wa mpira, na mama yake, Beatrice, hakumsamehe. Alisema hakuzaa mtoto ili akakimbie pembeni ya uwanja na kitambaa mkononi. Tangu Januari mama na mwana walikuwa hawajasemezana. Sasa Doreen alikuwa ametuma ujumbe kwa baba yake: Jumamosi atashika kibendera kwenye mechi ya ligi kule Mwanza, na mechi itaonyeshwa.

— Nimemwambia mama yake, — Andongwisye alisema. — Kanijibu ataamini akimwona uso. Si kusikia jina. Uso. Na nyumbani hatuna televisheni. Humo dukani kuna tatu. Moja imeandikwa HD 720, ya pili Full HD 1080, ya tatu 4K. Nimeandika hapa nisikosee. Nichukue ipi?

Injinia aliipokea karatasi, akaisogeza mbali na macho, akaisogeza karibu.

— HD ni kifupi, — alisema. — Haina Doa.

— Na Full HD?

— Haina doa kabisa.

— Full si Kiswahili, — Wizara aliingilia.

— Ndiyo maana imetangulia mbele. Mgeni anapita kwanza.

Andongwisye alitikisa kichwa kukubali. Alikuwa ametoka Ikolo alfajiri kutafuta jibu na hakutaka kuonekana mgumu.

— Namba je?

— Namba ndiyo rahisi, — Injinia aliendelea. — Hizo ni kilomita. Picha inatoka Dar. Kutoka Dar mpaka hapa ni kama mia tisa na hamsini, au siyo? Ya elfu moja na themanini inafika Kyela na pumzi inabaki. Ya mia saba na ishirini inaishiwa nguvu Makambako.

— Ikiishia Makambako, mimi nyumbani naona nini?

— Unaona Makambako.

— Na hiyo elfu nne?

— Hiyo inapita hapa haisimami. Inavuka ziwa, inakatiza Malawi, inaingia baharini.

— Sasa ninunue picha ikaangaliwe na Wamalawi?

Wizara aliweka kikombe chini. Akiweka kikombe chini ujue kuna tamko.

— Kwa uzoefu wangu wa miaka thelathini na moja, — alisema, — namba ikiandikwa bila kipimo, hiyo ni idadi ya watu. Televisheni ya 720 imeruhusiwa kutazamwa na watu mia saba na ishirini. Wewe nyumbani mko wangapi?

— Sita.

— Basi hata hiyo ndogo imekuzidi. Ukichukua 4K kwa watu sita, ni matumizi mabaya.

— Mzee wangu, — Injinia alisema, — watu mia saba na ishirini watakaa wapi?

— Hilo linahusu idara nyingine.

Tusekile alichoka. Alisimama, akamwita Prisca, muuzaji wa lile duka, aliyekuwa anafuta vioo ng'ambo ya barabara.

— Prisca, mdogo wangu, hizo namba ni za nini?

— Nukta, dada, — Prisca alijibu bila kugeuka. — Picha imetengenezwa kwa vinukta. 1080 ni mistari ya vinukta kutoka juu hadi chini. 4K mistari ni mara mbili ya hiyo, na kwenda pembeni pia mara mbili. Kwa hiyo nukta zote ni mara nne.

Akaendelea kufuta.

— Huyo kafundishwa na boksi, — alisema Injinia.

— Na wewe umefundishwa na nani? — Tusekile alimuuliza, kisha akamgeukia Andongwisye. — Una picha ya mwanao?

Andongwisye alitoa kwenye pochi picha ya pasipoti. Tusekile alikuwa ameanika kakao kwenye turubai palepale barazani. Akachota kiganja cha mbegu, akasafisha kipande cha sakafu, akaanza kupanga: mbegu za kichwa, mbegu mbili za macho, nne za mdomo. Injinia na Wizara walipiga magoti wakamsaidia, wakigombania sikio. Walipomaliza sote tulisimama kutazama.

— Mbuzi, — alisema Wizara.

— Mbuzi mwenye mawazo, — alisema Injinia.

Andongwisye aliitazama muda mrefu, kama mtu aliyeitwa kutambua mzigo uliopotea.

— Huyu si mwanangu, — alisema.

— Kwa sababu nukta ni kubwa na chache, — Tusekile alisema. — Ngoja.

Alileta ungo wa mchele. Aliniomba kitambaa cheusi, nikampa kile cha sketi za shule, nikijua kwamba nitajuta. Akamwaga mchele kidogo kidogo, akausogeza kwa kijiti cha kuchokonolea meno, punje moja moja. Ilichukua karibu saa nzima. Wateja wa kahawa walikuja wakajihudumia wenyewe. Uso ukaanza kutoka: paji pana, nyusi, kovu dogo kidevuni ambalo Doreen alilipata kwa jembe akiwa darasa la tatu.

Andongwisye alichuchumaa.

— Ndiye, — alisema taratibu. — Na mdomo ni wa mama yake.

Mara kuku wa jirani alipanda barazani akadonoa jicho la kushoto lote.

— Nukta zimekufa, — alisema Injinia. — Na kwenye warantii kuku hayumo, nakuhakikishia.

Kwa hasira Tusekile alimfukuza kuku, na Injinia akatumia nafasi hiyo kuvuka barabara. Aliposimama mlangoni kwa Prisca alituita.

— Njooni huku. Mbuzi amekuwa Doreen.

Tulivuka mmoja mmoja, na bajaji zikatusubiri. Ni kweli. Kutoka kule, ule uso wa kakao ulikuwa umejikusanya ukawa uso wa msichana. Ukisogea karibu, mbuzi. Ukirudi nyuma, Doreen. Andongwisye alikwenda na kurudi mara tatu.

— Kwa hiyo, — Wizara alihitimisha, — achukue ile ya 720, halafu akae Makambako.

— Sebule yako ina urefu gani? — Tusekile alimuuliza Andongwisye tuliporudi kwenye benchi.

— Nikikaa kwenye kochi nikinyoosha mguu, nagusa ukuta.

— Basi wewe uko karibu. Unahitaji punje ndogo na nyingi. Chukua 4K.

Hata Injinia alikubali, ingawa alisema ni kwa sababu za kwake. Andongwisye alishukuru, ndaga, ndaga, akasimama kwenda dukani.

Muda huo alikuwa amefika Generosa, nesi mgeni kutoka Bukoba, aliyehamishiwa hospitali yetu wiki mbili nyuma. Alikuja nimpunguzie sare kiunoni. Alikuwa amekaa kwenye ncha ya benchi na kikombe chake, anamtazama Doreen mwenye jicho moja.

— Samahani, baba, — alimwambia Andongwisye. — Huyo dada atasimama upande gani?

— Upande gani wa nini, mwanangu?

— Wa uwanja. Mimi huwa naangalia mpira. Mshika kibendera wa ng'ambo unamwona uso. Wa upande wa kamera unamwona mgongo tu, mechi nzima.

Injinia aliangalia mchele. Andongwisye alitoa simu akampigia binti yake, hapatikani. Akapiga tena. Tusekile akainua birika lililokuwa limeisha akaanza kulisuuza.

Mwishowe Andongwisye alisema atainunua hivyohivyo. Alishamwahidi mama Doreen.

Jumamosi mchana tulikwenda Ikolo, watano kwenye bajaji moja, Generosa akiwa amepakatwa na Tusekile. Televisheni ilikuwa imejaza ukuta mzima wa sebule. Sisi tulibanana kwenye kochi na mikeka. Beatrice alitukaribisha vizuri, akatupa ndizi, halafu akaenda kukaa kwenye mlango wa jikoni anamenya nyingine, ameipa picha mgongo.

Mechi ilianza saa kumi. Doreen alikuwa upande wa kamera.

Siwezi kusema kwamba hatukumwona. Kwa nukta zile tuliuona mgongo wake vizuri kuliko nilivyowahi kuona mgongo wa mtu. Mimi kama fundi niliona kola imeshonwa ikiwa imepinda. Alikimbia kando ya mstari, akarudi, akakimbia tena. Beatrice aligeuka mara moja tu.

— Mgongo huo unaweza kuwa wa mtu yeyote, — alisema, akarudi kwenye ndizi zake.

Andongwisye alikuwa ameweka mikono magotini, anauangalia mgongo ule kama anausihi. Injinia alianza kueleza kwamba televisheni ikigeuzwa ielekee dirishani huenda uso ukaonekana, lakini Tusekile alimfinya.

Dakika ya sabini wenyeji walifunga goli. Uwanja mzima ulisimama. Na kibendera kikasimama.

Goli likakataliwa. Wachezaji sita walimkimbilia Doreen wakipunga mikono, na hapo ndipo kamera nyingine, iliyokuwa chini kabisa pembeni ya uwanja, ilipotuletea uso. Ulijaa ukuta wote. Jasho kwenye nyusi, kovu la kidevu, midomo imefumbwa. Wanaume wazima walikuwa wanampigia kelele puani, naye hakurudi nyuma hata nusu hatua. Kibendera kilikuwa juu vilevile.

— Ni sahihi, — alinong'ona Generosa. — Alikuwa ameotea.

Beatrice alikuwa ameinuka. Alitupita akiwa na kisu na ndizi mkononi, akaenda kusimama mbele kabisa ya kioo, akatukinga wote, na hakuna aliyethubutu kumwambia asogee. Pale alipokuwa, nadhani alikuwa anaona nukta zenyewe.

— Amekonda, — alisema.

Picha ikarudi uwanjani. Doreen akawa mgongo tena, akakimbia na mstari. Beatrice hakuondoka.

— Baba Doreen, — alisema bila kugeuka, — huko Mwanza mwanangu anapikiwa na nani?

Andongwisye alitutazama. Sisi tulitazamana.

— Mechi ikiisha nipe simu, — alisema Beatrice. — Nimuulize.