Mkia wa Samaki

Basi letu la kutoka Kasane, Botswana, lilikuwa halijapita hata kona ya kwanza, na mama aliyekaa mbele yangu alikuwa ameshatupeleka abiria wote Zimbabwe kwa masimulizi ya safari yao na kuturudisha. "Maji yanaanguka halafu yanapanda tena juu, jamani! Na yule kiboko, kapiga mwayo, meno kama mihogo!" Mumewe aliitikia "ee, ee" tu, kama mtu mwenye lake moyoni.

"Ila Baba Kesego, ule mkia wa samaki hotelini uliniudhi. Ulininyima hata kipande!"

"Sikukunyima, Mama Kesego. Nilikukinga." "Ulinikinga na nini?" Mume akakohoa. "Haukuwa wa samaki. Ulikuwa wa mamba."

Nikaacha kutafuna karanga zangu. Mimi ni Mkwena, na sisi Wakwena mamba ndiye mwiko wa ukoo wetu, tunamwita babu. Hata ngozi yake hatuigusi. Kumbe na mama yule ni mwenzangu.

"Umemla babu yangu?" "Babu yako, si wangu! Kwetu mwiko ni paa." "Na ng'ombe wa mahari uliwapeleka kwa nani? Jumapili utampa baba yangu mkono upi?" "Huu huu. Lakini mke wangu, alikuwa mtamu!" Akachapwa kwa kofia mpya ya matembezi, mke akifoka na kucheka kwa pamoja.

Basi likasimama kwenye kizuizi cha mifugo, wanapokagua nyama ili magonjwa ya ng'ombe yasienee. Askari akachungulia mlangoni: "Kuna aliyebeba nyama?"

Mama Kesego akasimama, akaonyesha tumbo la mumewe. "Huyu hapa. Kambeba babu yangu."