Skola Aliuliza Mama Yuko Wapi

Tumsifu Yesu Kristo, ndugu zangu! Naitwa Editha, wa hapa hapa Msanzi. Nasimama mbele yenu na shukrani, ila moyo bado una kidonda.

Mdogo wangu Skolastika ana ulemavu wa akili, na tangu azaliwe hajatamka neno. Mama yetu ndiye aliyemjua. Akiguna hivi, mama anajua ni kiu. Akivuta kanga, anajua ni baridi. Wakiwa wanapura ulezi nilikuwa namsikia mama akimbembeleza, "Skola, niite mama. Hata mara moja tu, mwanangu." Skola anacheka.

Mwaka jana mama aliugua ghafla, akafariki. Skola akapelekwa kwa shangazi kule Kate, wazee wakisema haelewi kifo, ataumia bure. Aliporudi, mama hayupo. Ndugu zangu, aliacha kula! Anashinda mlangoni, ukimpa uji anageuza uso. Hospitali mjini Sumbawanga walimpima, hawakuona ugonjwa. Tulifunga, tukasali, naye anazidi kukonda. Nikajua tunamzika na yeye.

Ndipo akaja Mwalimu Devota, anayefundisha watoto wenye ulemavu, na kishikwambi chenye picha. Ukigusa picha, kinasema. Akaweka humo picha za nyumbani kwetu, ya mama ikiwemo, na alama ya kuuliza wapi; sauti akarekodi yangu. Mwanzoni Skola alikuwa anakisukuma tu. Mwalimu hakuchoka. Asubuhi moja niko jikoni, nikasikia sauti yangu mwenyewe kutoka mlangoni: "Mama." Halafu, "Wapi?" Tena, "Mama. Wapi?"

Nililia, jamani! Kumbe muda wote alikuwa anamsubiri.

Nikamshika mkono mpaka kaburini. Nikamwambia, "Skola, mama alikufa. Tulimlaza hapa." Akakaa chini, akaweka kiganja kwenye udongo, akalia, nami nikalia naye. Tuliporudi nyumbani akagusa picha ya uji. Akanywa bakuli zima! Mungu ni mkuu!

Lakini neno lile, ndugu zangu, mama alilingoja maisha yake yote, na aliyekuja kulisikia ni mimi. Linaniuma mpaka leo. Namshukuru Mungu aliyenirudishia mdogo wangu. Nawe mwenye mtoto asiyesema, mtumaini Bwana, na inuka umpeleke kwa mwalimu huyu sasa, wakati mama yake bado yupo wa kuitwa.