Fundi Aliyeyashtaki Mashimo Yake

Wasikilizaji wapendwa, leo siwawekei muziki wa huzuni. Marehemu mwenyewe angenizomea. Tunamkumbuka Fundi Shimo, mchimbaji wa mashimo ya vyoo, aliyefariki wiki iliyopita akiwa na miaka sabini na moja. Mashimo ya vyoo, ndiyo. Acheni kukunja pua, nyote mnayo.

Hapa kando ya ziwa alichimba mashimo mia mbili na kumi na moja. Narudia: mia mbili na kumi na moja. Kazi alifundishwa na mjomba wake, na kama mafundi wote wa hapa, alichimba kiangazi. Udongo mkavu, kuta hazibomoki, kazi inakwenda chapchap. Akifika chini anapapasa udongo. Mkavu? Haya, jenga. Mdomo nao alikuwa nao. Mteja akileta ubishi alimwambia, "Ingia wewe, mimi nishike kamba."

Ukaja mwaka ule wa mvua nyingi. Mjukuu wake, mtoto wa kitinda mimba wake, akalazwa siku nne kwa kuhara. Binti huyo anakumbuka: "Nilimwambia, baba, daktari anasema ni maji ya ziwa. Alichukua kofia akatoka."

Alikwenda dukani akanunua rangi nyekundu ya kutilia nguo. Akaimimina katika choo chake mwenyewe, akamwagia ndoo ya maji, akashuka ufukweni na kigoda chake. Akakaa kutwa. Kesho yake akarudi kukaa. Siku ya tatu asubuhi maji yakatoka mekundu, hatua ishirini tu kutoka pale binti yake anapochota.

Loo! Papo hapo akalijua kosa. Kiangazi maji yako mbali huko chini ya ardhi. Mvua zikinyesha yanapanda, yanaingia shimoni, na yakitoka yanatoka na kila kitu. Miaka arobaini walikuwa wakipapasa udongo mkavu na kusema haya, jenga. Hakuna fundi hata mmoja aliyewahi kurudi wakati wa mvua kuchungulia.

Mwingine angefumba macho. Yeye, thubutu! Alikwenda halmashauri kutaka ardhi yote iliyo upande wa chini wa barabara, hadi ufukweni, iondolewe katika maeneo ya makazi. Nyumba zilizopo zibaki, zijengewe matangi yasiyovuja. Lakini isiongezwe hata moja, na kiwanja kisigawanywe. Narudia, kisigawanywe. Maana kiwanja kikubwa kuliko vyote huko chini kilikuwa chake, na alikuwa amewaahidi binti zake watatu kwamba kila mmoja atajenga hapo.

Siku ya mkutano ukumbi ulifurika. Dalali mmoja wa viwanja akasimama, akamnyooshea kidole: "Si wewe uliyetuchimbia? Leo unajitia mtakatifu?" Watu wakaangua kicheko. Fundi akainuka taratibu, kofia mkononi.

"Ni mimi," akasema. "Yote mia mbili na kumi na moja. Hakuna anayejua uchafu wenu unakokwenda kama mimi. Basi nisikilizeni, au mnywe."

Kicheko kilikatika. Lakini tangu siku hiyo watu walimgeuzia kisogo. Kazi zikakauka. Wengine walimwita msaliti barabarani, mchana kweupe. Nyumbani nako hakukukalika. Mkewe haoni haya kusema: "Nilimwambia umewanyang'anya watoto wetu. Namwekea chakula, nampa mgongo." Fundi aliumia sana, binti yake anasema, ila hakurudi nyuma hata hatua moja. Hakukosa kikao hata kimoja, hata alipokuwa anaumwa.

Miaka mitatu, wasikilizaji wapendwa! Mwaka jana madiwani wakapitisha ramani mpya kwa tofauti ya kura moja tu. Hadi leo, chini ya barabara haijaongezeka nyumba.

Sasa sikilizeni ujeuri wa mtu. Fundi hajamaliza wiki mbili kaburini, dalali yuleyule amepeleka ombi ramani ibadilishwe tena. Juzi alikwenda hadi msibani na karatasi, eti mjane atie saini, kiwanja kigawanywe, mabinti wapate haki yao. Msibani! Mama yule alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akamwambia, "Mume wangu nilibishana naye miaka mitatu, asubuhi na jioni, nikashindwa. Wewe umekuja na karatasi moja?"

Pole sana, mama. Poleni mabinti, wajukuu, na mafundi wenzake. Sisi wengine tujiulize tulikuwa wapi mzee yule alipokuwa akisimama peke yake. Mimi nilikuwa ukumbini siku ile. Nilicheka na wenzangu, na ninaona aibu.

Ombi la dalali litasikilizwa Alhamisi, saa nne asubuhi, ukumbi wa halmashauri. Mjane ameniambia atakwenda kulipinga. Na wale mabinti watatu waliokosa pa kujenga, wote watatu, wanakwenda naye.